Kazi Isiyohitaji Masikio

Kama umepewa kopo la kutemea makohozi na kuambiwa usilale kitanda kimoja na mtoto wako, haya nayaandika kwa ajili yako. Habari za ugonjwa wenyewe sitazigusa, wako waliozisomea. Nitakusimulia tu jinsi mambo yalivyokwenda, maana nilipokuwa kitandani hakukuwa na mtu wa kunisimulia, na kutojua kinachofuata kuliniumiza kuliko kikohozi chenyewe. Wala sitakudanganya kwamba kila kitu kilirudi mahali pake.

Kabla ya kuugua nilikuwa mchuuzi. Nilikuwa napanda kutoka Maore hadi vijiji vya milimani juu ya Gonja, nanunua ndizi na tangawizi, nateremka na mzigo kichwani hadi sokoni. Nilizijua njia zote za mkato, na nyumba zenye mbwa wakali, na akina mama ambao ukiwasalimu vizuri wanakukaribisha makande kabla hujataja bei. Mume wangu, Elieza, alikuwa akichimba jasi Makanya, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi na vumbi jeupe hadi kwenye kope. Mtoto wetu alikuwa mmoja tu, Nakijwa, naye alikuwa bado ananyonya.

Kikohozi kilianza wakati wa vuli. Nikasema ni baridi ya milimani. Vuli ikapita, kiangazi kikapita, kikohozi hakikuondoka. Masika yalipoingia nilikuwa sifiki tena juu bila kukaa njiani mara kwa mara, na jasho lilinitoka hata nikikaa kivulini. Siku moja nilikohoa kwenye upindo wa kanga yangu nikaona damu. Nikaikunja kanga, nikaketi juu ya jiwe, nikatazama mpunga wa bondeni ulivyo kijani. Nilimwambia Mungu kwamba mtoto bado hajaota meno yote.

Hospitali ilikuwa milimani, ya misheni, na njia ya kuifikia nilikuwa nimeipita mara nyingi na ndizi zangu bila kuitazama. Wagonjwa wengine walisubiri ndani. Sisi wa kikohozi tuliketi nje barazani, kwenye benchi refu lililoegemezwa ukutani, ukungu ukitupita miguuni. Kila mmoja alikuwa akisikiliza kifua cha jirani yake na kukipima na cha kwake. Mama mkwe alikuja nami. Nilipotoka kwa daktari na kumweleza, alimfunga Nakijwa mgongoni kwake kwa kanga mbili, akakaza fundo.

"Huyu atabaki kwangu," akasema. "Wewe pona kwanza."

Nilitaka kumnyonyesha mara ya mwisho. Nilinyoosha mikono. Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja, halafu akaona aibu, akatazama chini. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Lakini ile hatua moja bado naiona.

Sindano zilikuwa kila asubuhi, pamoja na vidonge vikubwa vilivyokwama kooni. Nesi alikuja na sinia lenye mabomba ya sindano yaliyotoka kuchemshwa, na wodi nzima ya wanawake ilijigeuza upande. Baada ya muda hakukuwa na mahali laini pa kuchomwa. Mwili ulikuwa umeota vinundu. Maziwa yalikauka. Kanga niliyozoea kuizungusha mara moja ikawa inanizunguka mara mbili na kubaki. Pete ya ndoa niliifunga kwa uzi shingoni, na hata hapo ilikuwa ikinigonga kwenye mfupa.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mama Anjela, Mngoni kutoka Songea. Mumewe alikuja Upare kukata mkonge kwenye shamba kubwa la tambarare, akafia huku, naye akabaki hana ndugu hata mmoja kwenye milima hii. Wagonjwa wengine walikuwa na watu wa kuwaletea uji. Yeye alingoja wa hospitali. Alipoishiwa nguvu za kushika kijiko, mimi ndiye niliyemlisha. Nilimwaga kopo lake na langu pamoja. Wenzetu waligeuka ukutani nilipopita na makopo yale, lakini mimi sikuona kinyaa. Nilidhani ni kwa sababu nami nilikuwa mchafu vilevile.

Vuli nyingine ilipoanza, nikasikia nyenje. Nilimwambia Mama Anjela, "Nyenje wa mwaka huu wamewahi."

"Nyenje gani?" akauliza. "Huku kuna baridi, mama. Hakuna nyenje."

Walikuwa masikioni mwangu. Nikamwambia nesi, nesi akamwambia daktari, na daktari akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alikuwa mtu mpole. Aliniambia kwamba kwa baadhi ya watu dawa ile hugusa masikio, na kwamba kwa hali ya mapafu yangu haoni dawa nyingine ya kuiweka mahali pake.

"Tukiacha sasa, nakuhofia," akasema.

"Na tukiendelea?"

"Utaishi. Masikio sijui."

Nilifikiri habari za Nakijwa. Nikajigeuza upande.

Usikivu wangu haukuzimika kama taa. Ulikwenda kama maji ya mtungi uliopasuka chini. Kwanza sikuwasikia ndege, halafu kengele ya kanisa, halafu sauti za wanawake. Za wanaume zilibaki kidogo, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Mama Anjela alipoona hivyo alianza kuninyooshea kidole kwenye midomo yake. Alikuwa akisema neno polepole, mimi nalirudia, naye anatikisa kichwa au anacheka. Alinifundisha hivyo akiwa anakufa. Siku aliyofariki alisema jambo refu nami sikulishika lote. Nilipata "asante", na nilipata jina la mwanawe. Nilimshika mkono hadi nesi alipokuja kunibandua.

Nilitoka hospitali masika yakiisha. Kifua kilikuwa kimepona, walisema. Nilikuwa nimenenepa usoni. Lakini nilitembea kama mtu aliyekunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, maana dawa ilichukua na kile kitu kinachomwezesha mtu kusimama wima bila kufikiri. Gizani nilianguka. Kwenye mteremko nilianguka. Elieza alinishika mkono njia nzima, na watu tuliopishana nao walitazama kando.

Nyumbani Nakijwa alikuwa amekua. Alisimama nyuma ya bibi yake, akanitazama, akasema kitu. Nilipomwacha alikuwa anasema "ma" na "ba". Sasa alikuwa anaongea. Midomo yake midogo ilikwenda mbio, na wote waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka pamoja nao ili isionekane kwamba sikusikia. Nilimuuliza Elieza baadaye, mtoto alisema nini.

"Alisema, huyu mama ni wa nani?"

Sauti ya mwanangu sijawahi kuisikia. Watu husema inafanana na yangu ya zamani.

Elieza alijitahidi. Mwanzoni alipaza sauti, mpaka majirani wakawa wanajua habari zetu zote. Halafu akawa anasema maneno machache: kula, twende, mvua. Halafu akawa ananionyesha tu kwa mkono. Hakunipiga wala hakuoa mwanamke mwingine, na ndugu zake walimshauri aoe. Alichoka tu. Jioni tulikaa kama watu wawili wanaongoja basi tofauti.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo nyumba zilizotawanyika zilikusanywa pamoja kuwa kijiji, na kila mwenye mikono alikuwa na zamu kwenye shamba la ujamaa. Biashara ya kuchuuza haikutazamwa vizuri tena, na hata kama ingeruhusiwa, mchuuzi asiyesikia bei atauza nini? Kwa hiyo nilikwenda shambani na wenzangu. Nikiinama kulima, ardhi iliinuka. Nilijikuta nimelala kwenye tuta na jembe chini yangu. Wakanipa kazi ya kuwatekea wakulima maji. Mimi niliyebeba mikungu ya ndizi kichwani tangu ujana, ndoo ya maji haikukaa hata kufika kwenye mfereji wa kwanza. Ilimwagika yote mgongoni kwangu. Mpunga ulipoanza kukomaa mwenyekiti wa kijiji akasema nikawinge ndege. Hiyo ni kazi ya kukaa kwenye jukwaa la miti na kupiga debe tupu ili kuwafukuza. Alikuwa amenihurumia. Lakini mwinga ndege huwasikia kabla ya kuwaona. Mimi nilikuwa nikitazama upande huu, wao wanashuka upande ule, kundi zima, na sikujua mpaka nilipowaona watu wanakimbia kutoka mbali huku vinywa vyao viko wazi. Kipande chote kile kikaliwa.

Kwenye mkutano wa kijiji baada ya hapo kijana mmoja wa umoja wa vijana alisimama akazungumza habari za wavivu. Watu wakanigeukia. Nilimtazama mdomoni. Alisema kupe. Ni neno jepesi kulisoma: midomo inachongoka, inafunga, inaachia. Katika miaka ile kupe alikuwa ni mtu anayekula jasho la wenzake. Nilikuwa nimekula ugali asubuhi hiyo. Niliporudi nyumbani sikula tena mpaka Elieza aliponishikia kijiko.

Kuna siku za wakati ule nilizotamani kwamba daktari asingeniuliza, au kwamba ningejibu vingine. Nakuambia hili kwa sababu huenda nawe utazifikia siku hizo, na utadhani ni wewe peke yako.

Shangazi yangu, Namsifu, dada wa baba, aliteremka kutoka milimani alipopata habari kwamba sili. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na aliponiongelesha alinishika kidevu kwanza ili nimtazame. Alisema Same kuna ofisi ya serikali inayosaidia watu wenye vilema kupata kazi. Tukapanda basi linalopita Kisiwani, likatutikisa mpaka Same.

Pale ofisini tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Walikuwapo mtu mwenye mguu mmoja, na mzee kipofu na mjukuu wake, na mwanamume aliyekatwa vidole na mashine ya mkonge. Nje upepo wa Same ulikuwa unazoa vumbi na kuligonga kwenye kioo, nililiona, sikulisikia. Zamu yangu ilipofika, afisa, kijana nadhifu, aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa akanigeuzia: UNAWEZA KUFANYA NINI?

Nilishika kalamu. Shule ya misheni niliisoma hadi darasa la nne, kuandika najua. Lakini kila nililofikiri lilikuwa la mtu mwingine, mtu aliyekuwa mimi. Kubeba. Kupanda mlima. Kubishana bei. Nikaweka kalamu mezani. Yule kijana hakuwa mbaya. Aliandika tena kwamba kuna mahali mjini wanafundisha kusuka vikapu, ila nafasi zimejaa, nijaribu baada ya masika. Shangazi akamshukuru, tukatoka.

Tulikaa kando ya barabara kungoja basi la kurudi. Nilikuwa nalia bila kujificha. Mtu asiyesikia husahau kwamba wengine wanamsikia. Shangazi akanishika kidevu.

"Amekuuliza vibaya," akasema. "Zamani watu walikuwa wanakuita kufanya nini?"

"Kuwaletea ndizi."

"Hiyo ni biashara. Nyumbani, kwenye shida, walikuwa wanakuita kufanya nini?"

Nikamwambia kwamba walikuwa wananituma kupeleka habari za msiba, kwa sababu nazijua nyumba zote za juu. Kwamba jirani alipokuwa na mtoto anayekataa dawa, aliniita mimi nimshike.

"Na wodini?"

"Wodini nilikuwa mgonjwa, shangazi."

"Yule Mngoni uliyeniambia. Nani alimlisha?"

"Mimi."

"Nani alimwaga uchafu wake?"

"Mimi. Lakini hiyo si kazi."

Basi lilikuwa limefika na watu walikuwa wanapanda, lakini shangazi hakuinuka. "Mwanangu," akasema, "mimi nisingeweza. Yule Mngoni ningemwonea huruma nikiwa mlangoni. Kwa nini unasema si kazi?"

Tulirudi Maore. Usidhani kwamba moyo wangu ulifurahi. Nilimwona shangazi kama mtu anayemwambia maskini kwamba ana afya njema. Lakini swali lake lilinikaa, na siku nilipokwenda zahanati kuchukua vidonge vyangu vya kumalizia matibabu, nililipeleka kwa tabibu.

Tabibu wetu alikuwa Mgweno wa Shighatini, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyofunika mdomo wa juu. Kumsoma ilikuwa kazi. Nilimwambia kwamba kwa wagonjwa wa kifua sioni kinyaa wala siogopi, kwa kuwa nimeshaugua. Kwamba nyumba za milimani nazijua. Kwamba najua kukaa na mtu. Nilisema yote kwa pumzi moja, na sikujua kama nimepiga kelele au nimenong'ona. Aliondoa miwani. Alichukua chaki akaandika kwenye ubao wa kliniki: Wanaacha dawa wakipata nafuu. Sina mtu wa kuwafuata. Halafu akaandika chini yake: Utaanguka milimani.

"Nitaanguka," nikamwambia. "Nitainuka."

Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti. Sijui walisemezana nini. Kijiji kikakubali kwamba kazi ile ihesabiwe kuwa zamu yangu ya shamba. Yule kijana wa umoja wa vijana sikumwona akipinga, wala sikumwona akiafiki. Asubuhi nachemsha mabomba ya sindano na kufagia zahanati, na mtu akikosa kuja naenda kwao. Elieza, siku ya kwanza, hakusema neno. Alikwenda porini akarudi na fimbo ya mti mgumu, akaichonga mpini, akanipima nayo kiunoni kama fundi anayepima gauni. Ndilo jambo tulilozungumza kwa urefu kuliko yote mwaka ule.

Kazi hii haijanirudishia nilichopoteza. Kuna wagonjwa niliowafuata nikawakuta wamezikwa. Kuna nyumba zilizonifungia mlango nikagonga bila kujua kama ndani wananijibu. Nakijwa sasa yuko shuleni, na akiwa na haraka humwambia bibi yake jambo, bibi ndiye anayenisemesha polepole. Nyenje hawajaondoka. Nikikushauri, wewe uliyeko kitandani, nitakushauri hili tu: usijitafute kwenye yale uliyokuwa unayaweza, maana utalia. Tazama unachokifanya sasa hivi, hapo wodini, huku umechoka, ambacho jirani yako hawezi. Huenda ni kidogo sana. Hata changu ni kidogo.

Mwaka huu, vuli ilipoanza, binti mmoja aliyeolewa karibuni, Senzia, aliacha kuja sindano. Nikasikia, yaani nikaambiwa, kwamba amekimbilia kwa mama yake juu. Nilipanda. Mvua ilikuwa imelowesha njia na nilianguka, nikafika nina matope hadi magotini. Mama yake alinipokea, akanipa maji ya kunawa, akanionyesha chumba cha nyuma. Senzia alikuwa amekaa kitandani amejifunika blanketi. Aliniamkia. Nikaitikia marahaba, nikaketi pale ambapo mwanga wa dirisha ulimwangukia usoni.

"Umeacha," nikamwambia.

Akainua uso, akasema polepole, nadhani kwa kuogopa zaidi kuliko kwa kunisaidia. "Mama Nakijwa, ni kweli hizi sindano ndizo zilizokuziba masikio?"

Tabibu alikuwa ameniambia kwamba si kila mtu hupatwa, na kwamba wengi humaliza salama. Ningeweza kuanza na hilo.

"Ni kweli," nikasema.

Alianza kulia. Mama yake alikuwa mlangoni. Niliuona mkono wake umeshika fremu.

"Wengi hawapatwi," nikamwambia. "Mimi nilipatwa. Ukisikia mlio wowote, hata mdogo, niambie mimi siku ileile, tutakwenda kwa tabibu pamoja, tumuulize kama kuna njia nyingine. Kama hakuna, nitakaa nawe."

"Na wewe," akasema, "ungerudishwa pale, ungekubali tena?"

Swali hilo nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. "Siku nyingine nasema ndiyo," nikamjibu. "Siku nyingine nasema hapana. Mtoto wangu akinipita mlangoni anaimba, na najua anaimba kwa sababu namwona, nasema yote mawili kwa pamoja."

Alivuta blanketi hadi kidevuni. Nilingoja mpaka mwanga ulipohama kutoka usoni mwake na nikawa siwezi tena kumsoma. Nikachukua fimbo, nikamuaga mama yake, nikatoka nikashika njia ya kuteremka.

Kwenye njia ile nyembamba mtu hutangulia na mwingine hufuata. Nilikwenda nikitazama mahali pa kukanyaga, mawe yakiteleza, na nyuma yangu hakukuwa na kitu cha kuniambia kama niko peke yangu. Nilifika kwenye kona ambapo njia inaingia migombani. Nilisimama. Niliogopa kugeuka. Nikageuka.

Alikuwa anakuja. Alikuwa amejitanda kanga kichwani, amejishika kifua kwa mkono mmoja, na alisimama kila baada ya hatua chache akakohoa, kisha akaendelea. Nilimngojea pale mpaka akanifikia.